Duka la kwenye picha halina mzigo

Kazi yangu ya kwanza ya grafiki ndani ya duka la nguo bado ipo hapa Tanga, Ngamiani, lakini ukiingia utaona jicho moja tu. Nilibandika picha ya mwanamke aliyejitanda mtandio, upana mita tatu, toka karibu na dari hadi magotini. Siku ya kumaliza mwenye duka alipiga picha, nami nikapiga, tukasifiana. Wiki mbili baadaye napita kumsalimia, nakuta madera yamepanda ukuta mzima. Yule mwanamke kabakiwa na jicho la kushoto na kipande cha nyusi, kati ya dera la kijani na dera la zambarau. Mwenye duka wala hakuona tatizo.

"Sasa mwanangu, mzigo ningeuweka wapi?"

Sikukosea rangi, wala herufi, wala gundi. Nilikosea kabla sijawasha kompyuta. Nilikaa jioni tatu nikikusanya picha za maduka ya nje, na katika picha zote zile hapakuwa na duka hata moja lenye mzigo wa kweli. Duka hupigwa picha kabla halijafunguliwa: nguo saba kwenye stendi, ukuta mtupu, hata kivuli cha mteja hamna. Nikaupenda ukuta mtupu, nikaja kuuchora kwenye fremu ya futi kumi kwa kumi na mbili, ambako ukuta ndiyo stoo.

Siku hizi nikipewa kazi ya kupamba duka la nguo nachunguza kwanza, siku nne au tano, na siku hizo naziweka kwenye bei. Naandika namna ninavyofanya kwa ajili ya vijana wa grafiki wanaonipigia simu kuuliza. Wengi wenu mnazijua programu kunishinda, kwa hiyo hapa hamna habari za programu.

Nenda ukiwa na shida ya nguo

Siku ya kwanza futi inabaki nyumbani. Mtu akiingia dukani na futi na daftari, muuzaji anamdhania mmoja kati ya watatu: mtu wa TRA, mtu wa halmashauri, au dalali aliyetumwa na mwenye fremu aje kutafuta sababu ya kupandisha kodi. Yeyote kati yao atajibiwa kwa neno mojamoja. Hata kama mwenye duka ndiye aliyekuita, vijana wake hawajui, na majirani zake ambao maduka yao unataka kuyatazama pia hawajui.

Nenda na shida. Unamtafutia shangazi dera, mtoto kaptula, wewe mwenyewe soksi. Ingia kwa salamu, mkubwa umwamkie shikamoo na usubiri marahaba yake, uulize hali, ndipo uulize bei. Soksi za shilingi elfu moja ziliwahi kunikalisha saa nzima kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka, nikila stori na kuhesabu watu wangapi wameingia, wangapi wameishia mlangoni.

Nenda mara tatu kwa saa tofauti: saa nne asubuhi wakati mzigo bado unatundikwa, saa kumi alasiri, na saa moja usiku taa zikiwa zimewaka. Ni kama maduka matatu. Kama unaweza, mojawapo iwe karibu na mwisho wa mwezi. Na ukiwa na bahati ya kupewa kazi karibu na Ramadhani, usikose kwenda kumi la mwisho: mzigo wa Idd umeshuka, nguo zinaning'inia hata kwenye feni, na ukiona sehemu ya ukuta iliyosalimika usiku ule, hiyo ndiyo yako. Mimi hiyo naiita sehemu ya kweli, na bei ya kuibandika naitaja bila wasiwasi.

Mlangoni ndipo duka lilipo

Kitu ambacho picha za nje hazitakuonyesha ni jinsi wateja wetu wanavyonunua wakiwa nje. Mama anasimama barazani, mguu mmoja kwenye ngazi, anauliza, "Hili shingapi?" Muuzaji analishusha kwa ule mti mrefu wenye ndoano, analeta. Wanapatana palepale. Katika duka moja la Ngamiani nilihesabu wateja ishirini na tatu alasiri moja. Waliovuka kizingiti walikuwa tisa. Sasa wewe uchore ukuta wa nyuma kabisa, nani auone?

Kwa hiyo daftari langu lina ukurasa mzima wa mlango. Midoli mingapi inatolewa nje, na inasimama wapi? Inaziba nini? Nguo zinatundikwa kwenye ubao wa jina la duka? (Zinatundikwa, usiulize.) Kuna muuza jezi ambaye siku Coastal Union wanapocheza Mkwakwani hufunika bango lake lote kwa jezi nyekundu na nyeupe, na siku hiyo ndiyo anauza kuliko siku nyingine. Ukimtengenezea bango la gharama, jua kwamba siku yake bora halitaonekana.

Halafu milango yenyewe. Ijumaa mchana maduka mengi yakifungwa kwa swala, zunguka mtaani utazame milango ya chuma. Upande wa nje wa mlango unaonekana usiku na saa za swala tu. Mchana mlango umefunguliwa na kulazwa ukutani, kwa hiyo upande unaotazama barabara ni ule wa ndani, ambao karibu kila mtu ameuacha na rangi ya kuzuia kutu. Mita moja kwa mbili, mara mbili, bure. Nimepata kazi tatu kwa kuwaonyesha watu ndani ya milango yao.

Mpita njia naye mpime. Tanga ni mji wa baiskeli, na mwendesha baiskeli wa kawaida anakwenda kama kilomita 15 kwa saa, yaani mita 4 na kidogo kwa sekunde. Akiliona jina lako akiwa mita 20, ana sekunde tano hivi za kulisoma. Mafundi mabango wana kanuni: kila mita 3 za umbali zinataka herufi yenye kimo cha sentimita 2 na nusu. Kwa mita 20 ni kama sentimita 17. Ukishajua hilo, mjadala wa kuandika "Tunauza nguo za kike, kiume na watoto kwa bei nafuu jumla na rejareja" kwenye ubao wa mita mbili unakwisha wenyewe.

Kupima bila futi

Shibiri yangu ni sentimita 20, dhiraa yangu 45. Pima zako leo, uziandike nyuma ya daftari. Sakafu ikiwa ya marumaru, hesabu vipande: vingi ni vya sentimita 40 au 60, kimoja kipime kwa shibiri ukiinama kama unaokota kitu, vingine vihesabu kwa macho. Kwa upana wa ukuta tumia mzigo wenyewe: henga ya mtu mzima ni kama dhiraa moja. Haya ni makadirio ya kuchorea, si ya kuchapia. Futi itakuja siku ya mwisho, ukishajulikana, na siku hiyo pima kila kitu mara mbili pamoja na swichi, soketi na kona, maana kona za fremu za zamani hazina digrii 90. Mjini, kwenye yale majengo ya zamani yenye nguzo na mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa saruji kule juu, niliwahi kukuta ukuta ambao juu una upana wa sentimita sita zaidi ya chini.

Ukitoka, usichore hapo mlangoni. Tafuta kahawa, kaa barazani mtaa wa pili, chora umbo la duka kwa kumbukumbu. Unachokumbuka bila kutazama ndicho ambacho mteja naye atakumbuka.

Picha piga kwa ruhusa, na piga vitu, si watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, mwanamke anayejaribu baibui hapigwi picha. Niliwahi kumwona kijana akifukuzwa duka moja kwa kosa hilo, na mtaa mzima ukamjua kabla hajafika kona.

Vilivyotangulia ukutani

Kila duka lina grafiki kabla yako. Ziorodheshe zote. Leseni ya biashara kwenye fremu ya kioo. Cheti cha TIN. Picha ya Rais. Ayatul Kursi juu ya droo ya pesa, au kalenda ya kanisa. Lipa namba za mitandao minne, kila kampuni na rangi yake, zimebandikwa kaunta hadi zimefunikana. Tangazo la kuuza utoe risiti na kununua udai risiti. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa peni nyekundu: "Nguo ikishanunuliwa hairudishwi." Na ile methali isiyozeeka, kukopa harusi kulipa matanga. Kwenye duka moja nilihesabu maandishi kumi na manne nyuma ya kaunta, katika eneo lisilozidi upana wa mlango.

Usiyadharau. Baadhi ni ya sheria, baadhi ni ya imani, baadhi ni ya kuzuia ugomvi, na yote yatarudi ukutani siku utakayoondoka, kwa seloteipu, juu ya kazi yako. Mimi sasa naanza na hayo: nachora ubao mmoja wenye nafasi ya kila karatasi, leseni hapa, lipa namba hapa, sharti la kurudisha nguo kwa herufi zinazosomeka. Wateja wangu wanaipenda hiyo kuliko picha yoyote niliyowahi kuwachorea, jambo ambalo mwanzoni liliniuma kidogo.

Duka la kanga

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu nilishindwa nalo mara mbili. Kanga ni grafiki tayari: ina pindo, ina mji (pambo la katikati), ina jina, na jina limechapwa kwa herufi kubwa chini ya mji. Kanga arobaini zikining'inia, ukuta una sentensi arobaini, na kila moja inamsema mtu. Wanawake wanaingia dukani kusoma. Nilimsikiliza dada mmoja akimwambia muuzaji, "Nitafutie ya kumjibu wifi, lakini isiwe ya matusi." Muuzaji akafunua doti tano, moja baada ya nyingine, wakacheka hadi nami nikacheka na sikuwa nimeulizwa.

Mara ya kwanza niliweka maneno ukutani mwa duka la namna hiyo. Yalipotea. Mara ya pili nikaweka pambo la maua, nalo likawa kanga mbaya isiyouzwa. Nilichokiona baada ya kukaa ni kwamba mteja anasimama kama mita mbili kutoka ukutani, anasoma kutoka juu kushuka, na muuzaji akizikunja kanga jina linafichika. Kumbe duka lilihitaji ukuta wenye rangi moja tulivu, na namna ya kukunja ili jina libaki usoni mwa rafu. Nilichora mistari ya rafu na nikatoa somo la kukunja. Malipo yalikuwa madogo, kazi ndiyo bora niliyofanya mwaka ule.

Mwanga unadanganya

Ukiona mteja analivuta dera mpaka mlangoni kulitazama kwa mwanga wa Mungu, andika: taa za ndani zinasema uongo. Balbu nyingi za LED madukani ni zile nyeupe za kelvini 6500, kipimo cha rangi ya mwanga kilichoandikwa kwenye boksi, na chini yake kahawia inafifia na ngozi inakuwa kama ya mgonjwa. Balbu za 3000 zina manjano ya joto. Ukichagua rangi za grafiki nyumbani kwa balbu moja na duka lina nyingine, mtagombana na mteja ambaye hana kosa.

Simu nayo inarekebisha rangi bila kukuuliza. Katika kila picha ya ndani weka karatasi nyeupe pembeni, ili baadaye ujue nyeupe ilikuwa nyeupe kiasi gani. Na kabla ya kuchapa kazi kubwa, chapa kipande cha A4 chenye rangi zako zote, kaombe kukibandika dukani siku moja, ukitazame saa zile tatu.

Jua la nje ni jambo jingine. Tanga ipo kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, Desemba limehamia kusini. Duka linalotazama magharibi linaungua alasiri mwaka mzima. Pita mtaani utazame mabango ya zamani: nyekundu na manjano hufa kwanza, ndiyo maana picha za watu zilizokaa juani hugeuka bluu kama majini. Upande ambao majini wengi wapo, usiweke picha ya uso. Weka herufi, na stika iliyokatwa yenye rangi yake, si iliyochapwa.

Ukuta wenyewe ujaribu kwa seloteipu. Bandika, sugua kwa kidole, vuta. Ikitoka na unga wa chokaa, stika yako itaanguka kabla ya masika, na kwa unyevu huu wa pwani huenda ikaanguka kabla hujalipwa. Hapo pendekeza ubao, au rangi ya mkono. Mjomba aliyenilea alikuwa mpaka rangi wa mabango, na kuna majina aliyoyaandika kwa brashi ambayo bado yanasomeka.

Sasa ndiyo utazame ya nje

Sikatazi picha za nje. Nakataza kuanza nazo. Ukishalijua duka lako, unazitazama kwa swali. Mfano duka la Prada pale Broadway, New York, lililochorwa na mbunifu wa majengo Rem Koolhaas na wenzake wa ofisi yake ya OMA na kufunguliwa mwaka 2001. Lina ukuta mrefu ajabu wenye karatasi za kuta zilizochorwa na kampuni ya grafiki ya 2x4, na karatasi hizo zimekuwa zikibadilishwa. Wanafunzi wote tunaukimbilia ukuta ule. Swali ni: nguo ziko wapi? Kuna zilizotundikwa ndani ya vizimba vya chuma vinavyoning'inia darini na kusogezwa kwenye reli. Ukuta haubebi chochote, ndiyo maana unaweza kubeba picha. Ningeliuliza swali hilo siku ile, yule mwanamke wangu angekuwa na macho mawili.

Au duka la Liberty, London, jengo la mwaka 1924 lililojengwa kwa mbao za meli mbili za kivita za zamani. Ndani mbao ndizo zinazosema, na vitambaa vya maua vinatulia juu yake. Mwenye duka la kanga angeelewana nao haraka.

Tafuta picha zilizopigwa na wateja, si na wapiga picha wa duka. Tazama video za watu wanaotembea ndani wakinunua. Humo utaona maboksi sakafuni, mtoto analia, henga tupu. Hizo ndizo za kujifunzia.

Maswali kwa muuzaji

Usimwulize anapenda rangi gani. Atakuambia bluu, kisha atakataa bluu. Muulize mteja wa mwisho aliyeondoka mikono mitupu alisema nini. Muulize kitu gani kila mtu anaulizia ilhali kipo. Duka moja la watoto wauzaji wote wawili walinijibu kwa pamoja: "Kaptula!" Zilikuwa nyuma ya mlango. Mwenye duka alitaka wanyama wa katuni ukuta mzima; alichohitaji kilikuwa neno moja na mshale. Nilimfanyia vyote viwili, kwa kuwa nami nakula, lakini mshale ndio uliopunguza maswali.

Uliza pia mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, duka linanunua ile mbadala, mara nyingi mitupu bila jina. Mfuko unatembea hadi Pongwe na Muheza, ukuta hautembei. Mara nyingi nashauri nusu ya fedha ya ukuta iende huko.

Boksi kabla ya kuchapa

Mwisho, kabla faili halijaenda kwa wachapaji, nakata maboksi kwa ukubwa kamili wa grafiki na kuyafunga kwa uzi mahali pake, bila kumwambia muuzaji kitu zaidi ya "naomba likae siku mbili". Kwenye duka la mwezi uliopita boksi lilikuwa ukanda wa sentimita 50 juu ya mzigo. Nilirudi baada ya saa moja: baibui mbili tayari zimetundikwa juu yake kwa msumari mpya. Nikazishusha, nikalipandisha boksi shibiri moja na nusu, hadi pale ambapo ule mti wa ndoano unagonga dari ukijaribu kutundika. Nikarudi siku ya pili jioni, saa moja, taa zimewaka. Boksi lilikuwa halijatundikwa kitu. Nikatoa futi.